Maswali ya Wasomaji: Pikapu ipi iliyotumika itavuta boti ya futi 28?

SWALI: Nina boti ya faiba ya futi 28, mashine mbili za nje za nguvu farasi 115 kila moja, pale Kunduchi. Huwa naitoa majini kwenda karakana, na mara moja kwa mwaka nataka ifike Mwanza. Nimeonyeshwa pikapu tatu zilizotumika: Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, Hilux ya 3.0 D-4D na Ford Ranger ya 3.2. Dalali anasema zote "zinavuta tani tatu na nusu". Nichukue ipi?
Nahodha, Dar es Salaam

JIBU: Nahodha, dalali tutamrudia. Kwanza tujue unavuta nini, maana wenye boti wengi hutaja uzito wa ganda peke yake. Ganda la faiba la futi 28 tuliweke kilo 1,700. Mashine mbili za 115 za kisasa ni kama kilo 350. Petroli lita 300 ni kilo 220 na kidogo, kwa kuwa lita moja ya petroli ina gramu 740 hivi. Nanga na minyororo, betri, kasha la barafu, nyavu na maji ya kunywa, weka 250. Tela ya ekseli mbili, 750. Jumla inakaribia kilo 3,270. Ukimwaga petroli na kushusha vifaa vyote, unabaki na 2,800. Hayo ni makadirio tu. Pitisha tela na boti yake kwenye mizani ya mawe, kokoto au vyuma chakavu iliyo jirani yako, upate namba halisi, kisha ndipo uende kuangalia gari.

Kwa hesabu hiyo Hilux inatoka. Hilux ya 3.0 ya kizazi kile haikuandikiwa tani tatu na nusu. Katika masoko mengi kikomo chake ni karibu kilo 2,500 kwa tela yenye breki. Itaivuta boti yako, hilo hatubishi. Shida ni kuisimamisha, na muda ambao klachi na difu zitavumilia. Kilo 3,500 ni kikomo cha Land Cruiser 79 na cha Ranger ya 3.2, tena ikiwa tela ina breki zake. Tela isiyo na breki, kikomo cha kawaida cha pikapu hizi ni kilo 750.

Kuna kikomo kingine ambacho madalali hawakitaji: uzito wa gari na tela kwa pamoja. Huandikwa kwenye kibati cha chesisi au kwenye kitabu cha gari. Pikapu inaweza kuruhusiwa kuvuta 3,500, lakini ukishapakia watu watano, mapipa na jenereta nyuma, jumla inapita kikomo kabla tela haijafika huko. Kwa safari ya Mwanza, mzigo wa ziada utafutie gari lingine.

Kati ya mbili zilizobaki, sisi tungechukua 79, kwa sharti moja tutakalolitaja. 1HZ ni dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, na msokoto wake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni Nm 285 tu. Ranger ina 470. Isitoshe, injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya usawa wa bahari, na Singida iko kwenye mita 1,500 hivi. Ukirudi kutoka Mwanza na kuupanda mlima Sekenke, tarajia gia ya tatu na mwendo wa kilomita 40 kwa saa, malori yakikupigia honi. Lakini 79 ina chesisi nene na springi za bapa nyuma, na ekseli yake ya nyuma imejengwa hivi: uzito wa gari hubebwa na ganda la ekseli, huku shafti ikifanya kazi ya kuzungusha tu. Fundi wa Shinyanga au Nzega anaifahamu kama ugali. Mkanda wake wa taiming ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kuwa haujabadilishwa, na gharama hiyo iondoe kwenye bei.

Ranger ingekufaa zaidi kama Mwanza ungekwenda kila mwezi. Itazame hasa upande wa oili: injini ile ya 3.2, oili ikimwagwa na kuachwa wazi zaidi ya dakika kama kumi, pampu yake inaweza kushindwa kuvuta tena, na injini ikiwashwa inazunguka kavu. Kwa hiyo muulize muuzaji nani alikuwa akiifanyia sevisi. Gari lililopitia gereji za uchochoroni, ambako oili huachwa ikidondoka huku fundi akienda kula, liache.

Sharti la 79 ni isiwe imeliwa na kutu. Pikapu iliyowahi kuvuta boti ni hatari kuliko iliyobeba matofali, kwa sababu sehemu yake ya nyuma imekuwa ikioga maji ya chumvi. Lala chini yake na tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Kagua mita moja ya mwisho ya chesisi, hasa kiungo cha kulala cha nyuma kabisa ambacho chuma cha kuvutia kimefungwa, na pale springi zinapokamata chesisi. Gonga: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa mlio butu, na bisibisi huzama. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa sehemu ya nyuma tu ni sababu ya kugonga kwa nguvu zaidi. Fuata mirija ya breki inayopita juu ya ekseli ya nyuma. Ikiwa na vipele vya kutu, ibadilishe yote kabla ya kuvuta chochote. Kisha fungua nati ya oili ya difu ya nyuma. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu iliyotoka barabarani ni ya moto; ikizamishwa majini ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Dawa ni kurefusha mrija wa kupumulia wa difu, uufikishe juu karibu na bodi.

Klachi ijaribu hivi: nenda kilomita 25 kwa saa ukiwa gia ya nne, kisha kanyaga mafuta yote. Injini ikipandisha mlio na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Mwisho, omba kuifunga tela yenye mzigo na kuivuta kilomita kumi hivi, ukiangalia geji ya joto. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshakujibu.

SWALI: Tela yangu ikifika kilomita 70 kwa saa inaanza kucheza kama mkia, na usukani wa pikapu unakuwa mwepesi mno. Fundi amenishauri niongeze springi nyuma. Ni dawa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hizo ni dalili mbili, na mara nyingi hupingana, kwa hiyo pima kwanza. Kinachopimwa ni uzito wa shingo ya tela, yaani ule unaokandamiza tufe la kuvutia. Kwa boti, unatakiwa uwe kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito wote wa tela na boti. Ukiwa pungufu, tela inacheza. Boti za mashine za nje huangukia hapo kirahisi, kwa sababu uzito mkubwa uko tezi, yaani mwisho wa nyuma wa boti, nyuma ya ekseli za tela.

Mizani ya bafuni haibebi kilo 250, lakini ubao mgumu utakusaidia. Ncha moja ya ubao iweke juu ya kipande cha bomba kilicholala kwenye tofali, na ncha ya pili juu ya kipande kingine kilicholala kwenye mizani. Kati ya mabomba hayo kuwe na sentimita 90. Shusha shingo ya tela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka bomba la kwenye tofali. Soma mizani, toa kile ilichosoma ubao ukiwa mtupu, zidisha kwa tatu. Tela iwe kwenye ardhi tambarare na shingo iwe kwenye kimo kilekile cha tufe la gari.

Ikipungua, legeza nguzo ya winchi na uisogeze mbele, boti isogee nayo. Sentimita 10 zinaweza kutosha. Hakikisha tezi ya boti bado imekalia vikalio, isining'inie. Kama nguzo imefika mwisho, zilegeze ekseli za tela uzirudishe nyuma.

Usukani mwepesi ni hesabu nyingine. Tufe liko kama mita 1.2 nyuma ya ekseli ya pikapu. Kilo 260 zikikaa pale, ekseli ya nyuma inabeba kilo 360 na kitu, na ekseli ya mbele inapunguziwa zaidi ya 100. Springi za ziada zitainua sura ya gari tu. Hazitarudisha hata kilo moja mbele. Ondoa mzigo ulio mwisho wa bodi na uusogeze karibu na kabini. Ila kama shingo imepima zaidi ya asilimia 12, boti imekaa mbele mno.

SWALI: Nimeona Canter ya tani tatu kutoka Japani, bei chini ya pikapu. Karatasi ya mnada ina herufi S na C sehemu kadhaa, na W mlangoni. Itafaa kuvuta boti ya tani tatu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi. Ya mlango isikusumbue. C iliyoandikwa chini ya gari ndiyo inayomaliza mazungumzo. Kaskazini ya Japani, Hokkaido na majirani zake, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na lori lililofanya kazi huko limeliwa kabla hujalipeleka pwani ulimalizie.

Canter nzima yenyewe inavuta vizuri, na breki ya ekzosi ni msaada mkubwa kwenye miteremko. Ina mambo matatu ya kurekebisha. Kwanza, Canter nyingi zina umeme wa volti 24 na taa za tela ni za volti 12. Usipoweka kipunguza volti, balbu zote zinaungua ukiwasha mara moja. Pili, chesisi iko juu, kwa hiyo tufe litashushwa kwa fremu iliyofungwa kwa boliti kwenye mbavu zote mbili za chesisi, kamwe lisichomelewe kwenye bodi. Tatu, ikiwa tupu, matairi ya nyuma yanateleza kwenye zege lenye ukoga wa bahari. Pakia mifuko ya mchanga, kilo 500 hivi, juu ya ekseli ya nyuma. Kama diko lako, yaani pale unaposhushia boti, ni mchanga mtupu, usiinunue.

SWALI: Tela niliyonunua ni ya Marekani, tufe la gari langu ni la milimita 50. Inaingia na inafunga. Kuna tatizo?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Lipo. Tela nyingi za Marekani za kubeba boti ya tani tatu hutumia tufe la inchi 2 na 5/16, ambalo ni kama milimita 58.7. Kiungo chake kitafunga juu ya tufe la 50 na kuonekana sawa, kisha kwenye tuta la kwanza kitaruka. Hata la inchi 2 ni milimita 50.8, si 50. Soma namba iliyogongwa kwenye kiungo, nunua tufe la namba hiyohiyo lenye uzito wake ulioandikwa. Minyororo miwili ya usalama ipitishwe kwa kupishana chini ya shingo, ili shingo ikichomoka iangukie juu yake isichimbe lami.

SWALI: Diko letu ni mchanga. Pikapu inazama kila tukitoa boti.
Wavuvi, Kilifi

JIBU: Pikapu ibaki kwenye ardhi ngumu. Tela yenyewe ifungeni gurudumu la mbele na muivute kwa kamba nene ya mita 15 au 20, gari likiwa kwenye gia za nguvu, taratibu bila kustua kamba. Mtu asisimame usawa wa kamba. Kama lazima gari lishuke, punguzeni upepo wa matairi hadi psi 18, na mjaze tena kabla ya kugusa lami.

Chagueni siku pia. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana, maji yakijaa huileta boti karibu na sehemu ya juu ya ufuo, ambako njia ya mchanga ya kuvuta ni fupi. Wakati wa maji mafu, siku ambazo hayajai sana, inabaki mbali. Na tela iliyotoka barabarani isubiri nusu saa kabla ya kuingia majini, beringi zipoe, kwa sababu ileile ya difu tuliyomweleza nahodha wa Kunduchi. Ikitoka, breki na magurudumu yamwagiwe maji baridi ya bomba siku hiyohiyo. Chumvi ikilala ndani ya ngoma za breki, safari ijayo gurudumu halitazunguka.