Matarumbeta yakilia ukumbi unazunguka? Si pombe, si jini

Mimi napiga picha za harusi, kwahiyo kusimama karibu na spika na matarumbeta ndo ofisi yangu. Miaka mitatu iliyopita nikaanza kitu siielewi, tarumbeta ikipanda juu tu maharusi wanaanza kuruka kwenye macho yangu, nashika meza nisianguke. Nimepimwa malaria, nimepimwa presha, mamkubwa akasema kuna mkono wa mtu. Na usiku kukiwa kimya nikizungusha macho NAYASIKIA, kama msasa kwenye mbao. Hiyo sikumwambia mtu, ningeonekana chizi.

Kumbe ndo ilikuwa dalili yenyewe ya ugonjwa wangu, tundu kwenye mfupa wa sikio la ndani. Sikio la ndani lina konokono ya kusikia, na pembeni yake mifereji mitatu na vifuko viwili vya kutuambia kichwa kimekaaje, na vyote vinatumia maji yaleyale. Kawaida sauti inaingia kwa dirisha moja inatokea lingine, mifereji haisumbuliwi. Sasa mfupa unaofunika mfereji wa juu ukiwa na tundu, sauti inapata dirisha la tatu, maji yanasukumwa, ubongo unaambiwa kichwa kimegeuka na wewe umesimama wima kama nguzo! Mtaliano Pietro Tullio alitoboa mifereji ya njiwa akaonyesha hilo, 1929 huko, ila ugonjwa wenyewe kwa binadamu Lloyd Minor na wenzake wa Marekani walikuja kuueleza 1998.

Sasa ushauri wangu. Usimwambie dokta "nasikia kizunguzungu" ukaishia hapo, mimi nilifanya hivyo nikapewa vidonge tu. Mwambie kinaletwa na nini: sauti kubwa, kukohoa, kupenga kamasi, kujikamua chooni. Yale ya kusikia macho au nyayo zako mwenyewe yaseme pia, usione aibu. Omba uonane na wa masikio, pua na koo. Mimi nilipigwa mlio sikioni huku wamenibandika waya shingoni, maana kifuko kimoja cha balansi kinaitikia sauti hata kwa mtu mzima wa afya, ila mwenye tundu anaitikia mlio mdogo tu, halafu ikafuata CT scan ya mfupa wa sikio. Lakini usijipe ugonjwa, yapo magonjwa mengine ya sikio yanafanya hivihivi.

Upasuaji upo, mimi bado sijafanya, naishi kwa kukwepa. Ngazi sipandi tena hata kwa picha ya juu. Viziba masikio vinasaidia ukumbini ila sauti yangu mwenyewe inanguruma kichwani, basi navaa nanyamaza. Matarumbeta yakiingia namwachia msaidizi kamera, mimi naenda kupiga keki.