Anza na kodi ya nyumba: ushauri kwa anayetaka kutabiri watu watakwenda wapi

Mwaka 2020 nilikuwa karani wa magari ya mkate katika kiwanda kimoja hapa Nairobi. Kila usiku kabla ya saa nne nilipaswa kuamua kesho kila gari libebe kreti ngapi na lielekee mtaa gani. Ukizidisha, mkate unarudi umelala na mdosi, yaani bosi, anakukata mshahara. Ukipunguza, wenye vioski wanahamia kwa mkate mwingine, na kuwarudisha ni kazi ya miezi. Sikuwa daktari wala mtu wa takwimu. Ila korona ilipoingia nilijikuta nabahatisha jambo lilelile lililowatoa jasho wataalamu: jiji la watu zaidi ya milioni 4 litakuwa wapi wiki ijayo?

Juzi mpwa wangu, anayesomea takwimu, alikuja na zoezi la chuo kuhusu safari za watu wakati wa mlipuko wa ugonjwa. Akaniuliza, "Anko, nyinyi mlikuwa mnajuaje?" Nikamwambia hatukuwa tunajua, tulijifunza kwa hasara. Nilichomweleza siku hiyo nakiandika hapa, huenda kikamfaa mwingine.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Ijumaa, Machi 13. Jumapili yake Rais akatangaza shule zifungwe. Mimi nikapiga hesabu ya haraka: watu wataogopa, watajifungia ndani, watakunywa chai kutwa. Nikapandisha kreti mitaa yote kwa kiwango kimoja. Mtaa wa Umoja mkate uliisha kabla ya saa tatu asubuhi. Mtaa wa Pipeline ulirudi karibu nusu ya gari. Nilidhani dereva ameruka vioski, kwa hiyo kesho yake nikapanda gari naye. Mama mmoja mwenye kioski kwenye ngazi za ghorofa aliniangalia kama mtu aliyetoka mbali, akasema, "Watoto wamepelekwa ushago. Nani atakula mkate?"

Wewe unayetabiri, shika hilo kwanza. Shule zikifungwa, watoto ndio wanaotangulia, kijijini kwa nyanya yao, kwa sababu chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi hakiwezi kuwa nyumba na darasa kwa wakati mmoja. Mama hufuata akiona kibarua kimekatika. Baba hubaki mwisho, analinda kazi au deni. Ukihesabu watu wazima peke yao utafikiri mtaa bado umejaa, kumbe umeshaanza kumwagika.

La pili, na ndilo ninalolithamini kuliko yote, ni kodi. Ploti nyingi za vyumba vya kupanga huku Eastlands, mashariki mwa jiji, kodi inatakiwa kufikia tarehe 5. Mwisho wa Machi nilianza kuwapigia wasimamizi wa ploti watatu ninaofahamiana nao. Sikuwauliza majina ya mtu, niliuliza tu vyumba vingapi vimefungwa kufuli ya nje na vingapi vimetolewa godoro. Godoro ndiyo habari. Aliyefunga kufuli anaweza kurudi Jumatatu, lakini aliyelifunga godoro kwa kamba akalipandisha juu ya basi pale Machakos Country Bus, kituo cha mabasi ya mikoani, hatarudi mwezi huo. Jumatatu, Aprili 6, Rais alipotangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka eneo la Nairobi kuanzia saa moja jioni hiyohiyo, magazeti yaliandika kana kwamba msafara ungeanza hapo. Kwenye daftari langu wengi wa waliokuwa waondoke walikuwa wameshaondoka, wamesukumwa na tarehe 5, si na Ikulu. Aliyekuwa anangoja Pasaka, Aprili 12, ndiye aliyefungiwa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, weka kalenda mezani. Mwisho wa mwezi, siku ya kodi, sikukuu, shule kufungwa na kufunguliwa. Kisha uangalie amri ya serikali imeacha muda gani kati ya kutangazwa na kuanza. Kafyu ya kwanza ilitangazwa Machi 25 ikaanza Machi 27, siku mbili za watu kujipanga. Kufungwa kwa Nairobi kulitangazwa na kuanza siku moja. Amri ya siku mbili huleta msongamano kwenye steji za mabasi. Amri ya saa chache huleta njia za panya, na ukiangalia barabara kuu pekee utaapa kwamba watu wametulia.

Kafyu yenyewe ilinifunza kitu ambacho bado kinanichekesha. Ilikuwa kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mtu aliyekaa ofisini angedhani safari zitapungua. Kwa wale wa vibarua vya Industrial Area safari zilibaki zilezile, ila zikabanwa. Watu waliokuwa wakirudi nyumbani kwa muda wa saa nne nzima walitakiwa wapite ndani ya saa mbili, na matatu ya abiria 14 wakati huo ilibeba 8. Nauli ikapanda. Basi wakatembea. Barabara ya Lunga Lunga saa kumi na moja jioni ilikuwa mto wa watu, barakoa kidevuni, mkate kwapani. Vioski vya karibu na steji, vilivyozoea kuuza kuanzia saa mbili usiku, vilikufa. Vilivyokuwa katikati ya njia ya miguu vilistawi. Nilihamisha kreti 30 kutoka steji hadi njia ya miguu na wiki hiyo hakikurudi kitu. Na ukifikiria ugonjwa badala ya mkate, saa mbili hizo za kubanana ndizo zilizostahili kuhesabiwa kuliko saa kumi za usiku mtupu.

Kuhusu data za simu nina maneno, maana mpwa wangu alikuja nazo kwa furaha. Google walianza kutoa ripoti za mienendo ya watu mapema Aprili 2020, wakaacha Oktoba 2022. Mimi nilizipenda sana, nikaziamini kupita kiasi kwa wiki kama tatu. Zina faida, zinaonyesha mwelekeo wa nchi nzima bila mtu kuhojiwa. Lakini soma maandishi madogo. Kwanza, wanaohesabiwa ni wenye simu janja waliowasha kumbukumbu ya mahali walipo. Kibarua wa kabambe, simu ndogo ya vitufe, hayumo. Pili, kila siku inalinganishwa na kipindi cha kati ya Januari 3 na Februari 6. Jamani, Januari ya Nairobi! Wiki ya kwanza nusu ya watu bado wako mabasini wanarudi kutoka Krismasi, na zilizobaki kila mtu hana pesa, anatembea kazini na kurudi. Ukisema "safari zimepungua kwa asilimia kadhaa", kumbuka umepima dhidi ya mwezi wa njaa. Tatu, ile safu ya makazi hupima muda ambao watu walikaa nyumbani, wakati safu nyingine hupima wingi wa waliofika mahali. Usizichore kwenye mstari mmoja kama nilivyofanya mbele ya mdosi.

Data za minara ya simu ni jambo tofauti, na Kenya ina historia nazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia rekodi za simu za karibu watu milioni 15, za kati ya Juni 2008 na Juni 2009, bila majina, kufuatilia malaria inavyosafiri na abiria. Ulionyesha maambukizi yakitoka upande wa Ziwa Victoria na kufika hadi Nairobi, kwa sababu watu hukaa huku na mioyo iko kule. Somo lake ni kwamba njia za siku za kawaida ndizo njia za siku mbaya. Mtu hakimbilii mahali papya, anakimbilia kwao. Ukijua mtaa fulani umejaa watu wa Kakamega na mwingine watu wa Kitui, umeshajua mabasi gani yatajaa na hospitali za kaunti zipi zipewe taarifa. Ila usikusanye jina wala nambari ya mtu, sheria ya kulinda data ipo tangu 2019, na wasimamizi wangu wa ploti wasingenijibu hata kidogo kama ningeuliza nani.

Mengine ni madogo. Andika utabiri wako kabla, kwa tarehe, na uandike kutoka kiasi gani hadi kiasi gani badala ya namba moja. Usichukue wastani wa jiji, kwa sababu Kilimani ya wenye nazo na Mukuru ya vibanda vya mabati hazina wastani. Na tenga fungu la watu kuchoka na amri: kufikia Mei, amri ikiwa ileile, kreti za steji zilianza kupanda pole pole.

Nilikosea tena mwishoni. Vizuizi vya Nairobi viliondolewa alfajiri ya Julai 7, nami nikapanga magari ya Pipeline yaongezewe kuanzia wiki hiyo. Dereva akaniambia nimechelewa. Nikarudi kwenye daftari, kweli, kreti zilikuwa zimeanza kuisha mapema tangu katikati ya Juni, na mimi nilidhani ni mkate wa mpinzani umeharibika. Nilimpigia yule mama wa ngazini nikamuuliza watu walirudije mjini na barabara imefungwa. Akacheka, akasema, "Wewe leta mkate. Njia waachie wenyewe."

Siku hiyo nilimwongezea kreti mbili.