Fonti nene yenye sura ya kompyuta za zamani kwa bango la duka la gemu

Mkuu, umeuliza fonti nene, ya mraba mraba, yenye sura ya kompyuta za zamani, kwa ajili ya bango na tisheti za duka lako la gemu. Mabango na stika ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona mezani.

Kwanza amua ni zamani ipi. Ziko koo mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza imetoka kwenye hundi za benki. Shika hundi, tazama zile namba za chini: zimevimba sehemu usizotarajia. Si urembo ule. Wino wake una sumaku, na mashine inaitambua kila tarakimu kwa jinsi wino ulivyokaa. Seti ile ina tarakimu 10 na alama 4 tu, herufi haina hata moja, ndipo wachoraji wakazitunga wenyewe. Inayojulikana sana ni Data 70 ya Bob Newman, ya mwaka 1970. Kwenye tisheti inapendeza mno. Kwenye bango la barabarani achana nayo, abiria wa bodaboda hana muda wa kufumbua mafumbo.

Ukoo wa pili ni wa Italia. Mwaka 1952 kiwanda cha herufi za chapa cha Nebiolo, mjini Turin, kilitoa fonti ya Microgramma, kazi ya Alessandro Butti na Aldo Novarese, herufi kubwa tupu. Mwaka 1962 Novarese akaleta Eurostile, safari hii na herufi ndogo. Itazame O yake: kioo cha TV ya chogo kabisa.

Eurostile inalipiwa. Kama bajeti ni ndogo chukua Orbitron ya Matt McInerney, iko bure Google Fonts na leseni yake inaruhusu biashara. Unene wa Black ndio unaoutafuta wewe, ila kwa bango tu. Kwenye stika ndogo, uwazi wa ndani ya herufi kama E unabaki ufa mwembamba. Plota, ile mashine ya kukata stika, ikishakata, ukianza kuchambua vinaili kwa kibano, vipande vya herufi vinang'oka pamoja na taka. Hapo shuka hadi Medium, na uachanishe herufi kidogo.

Halafu fonti hizi ni pana, na maneno yetu marefu. "MATENGENEZO YA PADI" haitaenea mstari mmoja. Tafadhali usiibane kwa kuisukuma pembeni: mistari ya wima inakonda, ya mlalo inabaki nene, inakuwa kituko. Jina la duka lipate Orbitron, huduma ziandikwe kwa Roboto au hata Arial.

Namba ya simu ndiyo usiiandike kabisa kwa fonti hizi. 0, 6 na 8 zote zinakuwa visanduku. Kuna mteja aliniletea bango alilotengenezewa kwingine nimbadilishie fonti ya namba tu, maana wateja wake walikuwa wanampigia mtu mwingine, na huyo jamaa alishachoka kuulizwa bei ya mechi.

Weka hapa jina la duka na upana wa bango, nikupangie mifano miwili mitatu.