Mchungaji kugombea bunge la jimbo Marekani
Ndugu, umeuliza kama mchungaji Marekani lazima aache madhabahu kwanza ndipo agombee bunge la jimbo. Hapana, siku hizi anagombea tu. Zamani jimbo la Tennessee walikataza kabisa: katiba yao ilisema wahubiri wamejitoa kwa Mungu na kuchunga roho za watu, basi wasiondolewe kwenye kazi hiyo. McDaniel, mchungaji wa Kibaptisti wa Chattanooga, aliwekewa pingamizi hilohilo alipotaka kuwa mjumbe wa mkutano wa katiba wa jimbo hilo. Akafika Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda mwaka 1978. Kichekesho ni kwamba maneno yale yalibaki kwenye katiba mpaka wapiga kura walipoyafuta 2022! Ila kapu la sadaka asiliguse: sheria ya kodi hairuhusu kanisa kumchangia mgombea.