Jibu: Kurt Moll alianzia wapi?

Mkuu, umeuliza huyu mwimba besi Mjerumani alianzia wapi, na kama sauti nzito vile mtu huzaliwa nayo. Kuzaliwa nayo ni lazima, ila bila shule haifiki mbali.

Moll alizaliwa 1938 huko Buir, karibu na Köln. Utotoni alipiga selo, ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, na mimi naona hilo linasikika: pumzi yake ni ndefu na nyororo kama upinde usioinuka kwenye nyuzi. Alisomea uimbaji Köln, akapitia majumba madogo ya opera ya Aachen, Mainz na Wuppertal, ndipo jumba la opera la Hamburg likamchukua 1970. New York, kule jumba la opera la Metropolitan, alifika 1978, yu miaka 40. Hakuwa na papara, na besi huiva taratibu.

Ukitaka kumpima, msikilize akiwa Osmin, yule mlinzi mwenye gubu kwenye opera ya Mozart inayotokea Uturuki. Wimbo wake wa mwisho unashuka hadi noti ya D ya chini kabisa, na sauti inatakiwa ibaki hapo, isiguse na kukimbia. Wengi hapo hukoroma tu. Moll anaimba, na kila neno unalipata.

Jukwaa aliliaga 2006 mjini München kwa nafasi ndogo ya mlinzi wa usiku katika opera ya Wagner, Meistersinger, ileile aliyoiimba kwenye tamasha la Bayreuth 1968. Alifariki Machi 2017.

Anza na Sarastro wake, yule kuhani katika opera nyingine ya Mozart, Die Zauberflöte, halafu huyo Osmin. Weka spika nzuri lakini, simu itakunyima nusu ya sauti.