Ukikosa siku ya mahakama ya uhamiaji Marekani, fanya haraka lakini usikurupuke

Nakalimania ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Kenya wanapokwenda kwa mawakili wa uhamiaji hapa Houston. Mtu akishaambiwa kuwa jaji ameamuru aondolewe nchini bila yeye kuwepo, mara nyingi huniuliza: "Niandike barua ya kuomba msamaha?" Usiandike. Sheria haiangalii msamaha, inaangalia sababu iliyokufanya usifike, na sababu zinazokubalika ni chache.

Kwanza hakikisha amri ipo kweli. Shika namba yako ya A, yaani namba ya utambulisho wako wa uhamiaji, ile ya tarakimu tisa, kisha piga simu ya bure ya mahakama za uhamiaji, 1-800-898-7180. Ukiambiwa amri ipo, usikimbilie Bodi ya Rufaa, chombo kinachosikiliza rufaa za maamuzi ya majaji wa uhamiaji. Ombi la kufungua upya kesi hupelekwa kwenye mahakama ile ile iliyotoa amri.

Kama hukupata taarifa ya siku ya kesi kwa namna sheria inavyotaka, au ulikuwa kizuizini mikononi mwa serikali, unaweza kuomba wakati wowote, hata miaka ikiwa imepita. Lakini kama taarifa uliipata ukazuiwa na jambo zito, mfano ulikuwa hoi hospitalini, au umefiwa na mke, mume, mtoto au mzazi, una siku 180 tu. Hizo zinahesabiwa tangu tarehe ya amri, si tangu siku uliyosikia habari. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Foleni ya magari au kuchanganya tarehe ni nadra sana kukubaliwa.

Kwa hiyo kabla ya kueleza lolote, mwambie wakili aombe nakala ya jalada lote la mahakama. Kijana mmoja wa Bukavu niliyemkalimania alikuwa na simulizi ndefu ya shida zake, na zote zilikuwa za kweli. Lakini ndani ya jalada lake tulikuta bahasha ya wito iliyorudishwa na posta: namba ya jengo ipo, namba ya apatimenti haipo. Fomu aliyoijaza yeye mwenyewe ilikuwa na namba zote mbili. Wakili aliweka karatasi hizo mbili mbele kabisa ya ombi, zikifuatiwa na maelezo ya kiapo. Jaji alifungua upya kesi.

Ingekuwa alihama bila kuijulisha mahakama, mambo yangekuwa magumu sana, maana barua ikitumwa kwenye anwani uliyotoa mara ya mwisho, kwa kawaida huhesabiwa kuwa umeipata. Na kubadilisha anwani USCIS, idara inayoshughulikia maombi ya uhamiaji na uraia, hakuifikii mahakama. Mahakama ina fomu yake, EOIR-33, na unatakiwa kuipeleka ndani ya siku 5 baada ya kuhama.

Kuna sauti zinazozunguka WhatsApp zikisema kwamba kama ile karatasi ya kwanza ya mashtaka haikuwa na tarehe wala saa, amri ni batili. Zipuuzeni, ndugu zangu. Juni 2024, katika kesi ya Campos-Chaves, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba taarifa ya baadaye yenye tarehe na saa inatosha kuifanya amri isimame. Naumia kuona watu wakilipishwa pesa nyingi kwa hoja iliyokwisha kukataliwa.

Ombi la namna hii likishapokelewa, kuondolewa kwako kunasimama mpaka jaji aliamue. Lakini sheria inakupa ombi moja tu, na ndiyo maana nasema usikurupuke: usimpe mjaza fomu wa mtaani nafasi hiyo moja. Kila mahakama ina orodha ya mawakili wa bure, iombe. Kama wakili wako wa zamani ndiye aliyekuambia usiende, hiyo nayo inaweza kuwa hoja, ila ina masharti yake, likiwemo la kumjulisha yeye tuhuma hizo.

Vyeti vya Kifaransa au Kiswahili vitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri atie saini kwamba anazijua lugha zote mbili. Jaji akikataa, unaweza kukata rufaa kwa Bodi ndani ya muda uliowekwa. Akikubali, kesi inarudi mezani, nawe utapewa tarehe mpya ya kufika.