Moyo unapiga, mbona wanasema amekufa? Majibu ya barua zenu

Mwezi huu barua za ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, zimezidi zingine zote kwa hiyo nafasi yote naitoa kwa jambo hili moja, na wale mlioandika kuhusu presha na kisukari mtanivumilia mpaka toleo lijalo.

*Dokta shikamoo. Mdogo wangu wa kiume aligongwa akiwa kwenye bodaboda, hakuwa na helmeti. Siku ya nne ICU wakatuita ofisini wakasema ubongo umekufa na wanataka kutoa mashine. Mimi nilimshika mkono ulikuwa wa moto, kifua kinapanda na kushuka, kwenye monita moyo unapiga kabisa. Baba akakubali. Mama ni mtu wa jumuiya, rozari kila siku, na mpaka leo anasema tulimzika mwanawe akiwa hai, haongei na baba. Naomba uniambie ukweli, tulimuua? Dada wa Mbagala.*

Marahaba dada yangu, na pole sana. Hamkumuua. Kilichomuua mdogo wako ni ile ajali, na kama vipimo vilifanyika inavyotakiwa basi alikuwa ameshafariki kabla baba yako hajafungua mdomo kusema ndiyo au hapana. Mwambie mama hivyohivyo, halafu mwambie na baba maana nadhani yeye ndo anaumia kuliko wote na hakuna anayemuuliza.

Sasa kwa nini mkono wa moto. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Kichwa kikigongwa vibaya ubongo unavimba na hauna pa kwenda, presha ndani ya fuvu inapanda inapanda mpaka inaizidi ile presha ya damu inayosukumwa kutoka moyoni, hapo damu inashindwa kuingia kichwani kabisa. Ubongo ukikosa damu dakika chache tu unaanza kufa, na ukishakufa wote haurudi, hakuna dawa wala operesheni wala nchi ya kumpeleka. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu inaitwa shina la ubongo, hiyo ndo inatoa amri ya kupumua, ndo inakufanya ukohoe, umeze, mboni za macho zibane ukiona mwanga. Ikifa hiyo mtu hapumui tena. Zamani moyo nao ungesimama dakika chache baadaye na kusingekuwa na mjadala wowote.

Mashine ndo ilibadilisha mambo. Mwaka 1952 Copenhagen, kule Denmark, polio ilipooza watu wengi kiasi kwamba wanafunzi wa udaktari walikaa kwa zamu usiku na mchana wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono ili wagonjwa wapumue, na wengi walipona. Baada ya hapo mashine za kupumulia zikaenea, na mwaka 1959 madaktari wawili wa Paris, Mollaret na Goulon, wakaandika kuhusu wagonjwa 23 ambao walikuwa kwenye mashine, moyo unapiga, lakini ubongo umekwisha kazi kabisa. Mwaka 1968 kamati ya chuo cha Harvard, Marekani, ikatoa vigezo vya kumtambua mtu wa namna hii, na nchi nyingi zikafuata kwa njia zao.

Moyo wenyewe hauhitaji ubongo ili upige, una umeme wake ndani. Ndo maana Desemba 1967 Christiaan Barnard kule Cape Town aliweza kuutoa moyo wa marehemu na kuuweka kifuani kwa Louis Washkansky ukapiga, wakati mishipa yote ya fahamu ilishakatwa. Moyo unachotaka ni oksijeni, na oksijeni mashine inaleta. Kwa hiyo ulichokishika wewe ulikuwa mwili unaopelekewa hewa na mashine, damu inazunguka, joto lipo, ila mwenyewe hayupo. Najua inauma kusoma hivyo.

Kwa upande wa mama, Kanisa lake lilishalisemea hili. Papa Pius XII mwaka 1957 aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida kumbakisha mtu, na Yohane Paulo II mwaka 2000 akasema vigezo vya kifo cha ubongo vikifuatwa kwa ukamilifu havipingani na imani. Mpelekeni kwa paroko wakae waongee, wewe ni mtoto wake, mengine hatayapokea kutoka kwako.

*Dokta, babu yetu alitangazwa hivyo hivyo lakini usiku mguu ulisogea na mkono ukanyanyuka kidogo. Tukapiga kelele, nesi akasema ni kawaida. Kawaida vipi? Msomaji, Mwanza.*

Nesi alisema kweli ila alitakiwa akae awaeleze, sio kupita tu. Uti wa mgongo una uwezo wa kujibu wenyewe bila amri ya ubongo. Ukigusa nyayo kidole kinajikunja, ukigeuza shingo mkono unaweza kunyanyuka, na kuna wakati mikono yote miwili inapanda mpaka kifuani, familia ikiona hivyo lazima iamini amefufuka. Huo ni uti wa mgongo ambao bado unapata damu. Kinachoangaliwa ni mambo ya kichwani: macho, uso, kikohozi, pumzi. Usoni kusiposogea chochote hata akifinywa kwa nguvu juu ya jicho, na hakuna pumzi, mguu kusogea hakubadilishi jibu. Lakini mkiona kitu chochote mwiteni daktari aje aangalie, msione aibu, na yeye asichoke kuja.

*Mimi ni kijana wa Kahama. Kaka yangu yupo ICU wiki ya pili, bili imepita uwezo wetu, shamba limeshauzwa. Juzi daktari mmoja kasema kaka "ni kama amekufa tu" bora tukubali atolewe mashine. Sijaelewa, ni kwa ajili ya hela au kweli?*

Mdogo wangu, hilo neno "kama" linanitisha. Hakuna "kama amekufa". Kuna aliyekufa ubongo, vipimo vimefanyika na vimeandikwa kwenye faili, na kuna mgonjwa mahututi ambaye yupo hai ila matumaini ni madogo. Hawa ni watu wawili tofauti na mazungumzo yake ni tofauti, kwa hiyo leo hii nenda kaulize, kwa heshima, yupi kati ya hao ni kaka yako.

Wakisema ubongo umekufa, waulize wamepimaje. Kwanza lazima sababu ijulikane, mfano CT scan inaonyesha damu imemwagika kichwani, sio kubahatisha. Halafu lazima dawa za usingizi na za kulegeza misuli ziwe zimeisha mwilini, mwili usiwe wa baridi, presha iwe sawa, sukari na chumvi za damu zisiwe zimevurugika, kwa sababu hivyo vyote vinaweza kumfanya mtu aliye hai aonekane kama maiti. Hapo ndo wanaanza: tochi kwenye mboni, mboni hazibani. Wanagusa jicho kwa pamba, halipepesi. Wanamwaga maji ya barafu ndani ya sikio na macho hayasogei, wakati kwa mtu ambaye shina la ubongo lipo hai lazima macho yageuke. Wanapitisha mpira kwenye koo, hakohoi. Wanamfinya, uso hauonyeshi maumivu.

Cha mwisho ndo kikubwa, kipimo cha pumzi. Wanamjaza oksijeni vizuri kwanza, halafu wanamtoa kwenye mashine kwa dakika kadhaa huku wanaangalia kifua. Mtu asipopumua hewa chafu ya kaboni inapanda kwenye damu na hiyo ndo inalazimisha ubongo uvute pumzi, sote tukibana pumzi tunashindwa kwa sababu hiyo. Kaboni ikipanda mpaka 60 kwenye kipimo cha damu na kifua hakijasogea hata kidogo, basi amri ya kupumua haipo tena. Nchi nyingi zinataka daktari zaidi ya mmoja. Uingereza ni madaktari wawili na vipimo vinarudiwa mara mbili. India, ambako ndugu zetu wengi wanapelekwa kutibiwa, pale wanapotaka kutoa viungo sheria ya 1994 inataka jopo la madaktari wanne na vipimo viwili vilivyoachana saa 6. Ukijua haya utauliza maswali ya maana, na daktari mzuri atafurahi kuulizwa.

Kama yote yamefanyika na jibu ni hilo, basi hela haina kazi tena hapo, hata ungekuwa na mashamba kumi. Msiuze kingine. Ila kama hakuna kipimo hata kimoja na mnaambiwa mkubali kwa sababu ya bili au kwa sababu kitanda kinatakiwa, hiyo sio sababu ya kitabibu, mna haki ya kuomba daktari mwingine amwangalie, muombe kuonana na mkuu wa ICU, na ustawi wa jamii wa hospitali nao wapo kwa ajili ya bili. Mimi binafsi linanikera sana hili la familia kuambiwa jambo zito namna hii wamesimama koridoni.

*Nimesoma kuna msichana Marekani alitangazwa amekufa akaishi miaka mingine mingi, na mwingine walimtoa mashine akaendelea kupumua. Sasa tuwaamini vipi? Msomaji, Nakuru.*

Hizo ni kesi mbili za kweli na tofauti yake ndo somo lenyewe. Karen Ann Quinlan alikuwa na miaka 21 alipopoteza fahamu mwaka 1975. Wazazi wake walikwenda mahakamani New Jersey kuomba mashine itolewe, Machi 1976 wakakubaliwa, ikatolewa, na akaendelea kupumua mwenyewe mpaka 1985 bila kurudiwa na fahamu. Karen hakuwahi kutangazwa amekufa ubongo. Ubongo wa juu uliharibika ila shina lilikuwa hai, ndo maana pumzi ilikuwepo. Koma na hali kama yake ni uhai, wenye koma wengine wanaamka, aliyekufa ubongo haamki.

Wa pili ni Jahi McMath, mtoto wa miaka 13 wa Oakland, alifanyiwa operesheni ya koo Desemba 2013 akavuja damu, akatangazwa amekufa ubongo. Familia ikakataa, ikampeleka New Jersey ambako sheria inaruhusu kukataa tangazo hilo kwa sababu za dini, akakaa kwenye mashine hadi Juni 2018. Ana vyeti viwili vya kifo, cha California cha 2013 na cha New Jersey cha 2018. Wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu kesi yake na siwezi kukuficha hilo. Ila mashine hakuwahi kuachana nayo.

*Dokta, naandika kutoka Leicester. Mama amepata stroku kubwa. Wanasema ubongo haujafa wote, anapumua kidogo, ila hatapona, na wao wanaona mashine itolewe. Hawaniombi hata saini! Huku mtoto hana sauti?*

Pole sana kaka. Hali ya mama ni ile ya pili niliyosema, yupo hai, na swali ni kama matibabu yanamsaidia au yanarefusha kufa kwake. Kwa sheria ya Uingereza, kama mgonjwa hawezi kuamua mwenyewe na hakuachia mtu mamlaka ya kisheria ya kumuamulia mambo ya afya, basi madaktari ndo wanaamua kwa maslahi ya mgonjwa, ila lazima waiulize familia mama alikuwa mtu wa namna gani, aliamini nini, angetaka nini. Hiyo ndo sauti yako, itumie. Tangu kesi ya Tony Bland ya mwaka 1993, kijana aliyeumia uwanjani Hillsborough, mahakama inaona kuacha matibabu yasiyomsaidia mgonjwa sio kuua, ugonjwa ndo unaomchukua. Usipokubaliana nao omba daktari wa nje atoe maoni, na mkishindwana kabisa lipelekwe mahakamani, wao hawawezi kupuuza tu.

Mkikubaliana, ujue mama haachwi hivihivi. Anapewa dawa za maumivu na za kuzuia kubanwa pumzi kabla mpira wa kupumulia haujatolewa. Baada ya hapo inaweza kuwa dakika, saa, na mara nyingine siku kadhaa, msishtuke. Ombeni kukaa naye, ombeni kiongozi wa dini aje, na wa nyumbani wapigieni video wamuage. Usikivu unaweza kuwa bado upo, ongea naye kwa lugha yake.

*Assalaam alaykum. Shemeji yangu alitangazwa amekufa ubongo Jumatatu, moyo ukasimama Jumatano. Mjane ahesabu eda kuanzia lini? Na ilikuwa halali kutoa mashine? Umm S., Mombasa.*

Waalaykum salaam, Mungu amrehemu. Kutoa mashine wanazuoni wamekubali. Baraza la fiqhi (sheria za Kiislamu) la kimataifa lilipokaa Amman mwaka 1986 lilisema ubongo ukisimama kabisa na madaktari wakathibitisha haurudi, mtu huyo amekufa na hukumu zote za maiti zinamhusu hata kama moyo unapigishwa na mashine. Baraza la Makka mwaka 1987 nalo likaruhusu mashine itolewe, ila likasema hahesabiwi maiti kisheria mpaka moyo na pumzi visimame baada ya mashine kutolewa. Kwa hiyo mkifuata Amman eda ya miezi minne na siku kumi inaanza Jumatatu, mkifuata Makka inaanza Jumatano. Na mirathi vilevile, kama kuna mrithi aliyefariki Jumanne katikati inakuwa kesi kubwa. Mimi ni daktari sio mufti, mpelekeeni kadhi, na kabla hamjaenda ombeni hospitali iwaandikie saa zote mbili, ya kutangazwa na ya moyo kusimama, maana ndo atakachowauliza kwanza.